Uliza Ujibiwe: Kwa nini kito cha waridi hakitulii kwenye rangi moja?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza habari za jiwe moja, turmalini ya waridi, na nyingi zinalalamikia jambo lile lile kwa maneno tofauti: jiwe la asubuhi si jiwe la jioni. Tumeanza na barua hiyo kwa sababu majibu mengine mengi yanaegemea hapo.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nina pete ya turmalini. Dukani ilikuwa pinki iliyokolea na yenye uhai. Nyumbani usiku inageuka, inakuwa kama ya kahawia. Je, nimetapeliwa?
— Mwenye pete

JIBU: Marahaba. Kwa dalili hiyo peke yake, hapana.

Uwaridi wa turmalini hutokana na metali ya manganizi kidogo iliyonaswa ndani ya fuwele wakati jiwe likikua ardhini. Manganizi hiyo humeza sehemu ya kijani ya mwanga, hasa kwenye mawimbi ya nanometa 520 hivi, na kuachia nyekundu na sehemu ya buluu zipite. Jicho likipokea nyekundu na buluu bila kijani, linaona waridi. Lakini jiwe haliwezi kupitisha kitu ambacho taa haikutoa. Taa ya manjano ya sebuleni, ile iliyoandikwa 2700 K kwenye boksi (K ni kipimo cha rangi ya mwanga wa taa), ina nyekundu na manjano kwa wingi na buluu chache sana. Buluu ikikosekana, waridi huelekea kwenye chungwa, na kama jiwe lina chembe ya ukahawia ndani yake, hapo ndipo unajitokeza. Dukani ulikuwa chini ya taa kali nyeupe, na zaidi ya hapo taa zilikuwa nyingi na ndogo ndogo, kwa hiyo kila uso wa jiwe ulipata mwako wake.

Lipime hivi kabla ya kulilaumu. Weka karatasi nyeupe isiyo na mng'ao karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Weka jiwe juu yake, litazame kutoka sentimita 30, kisha liinamishe polepole huku na huku. Rudia chini ya taa ya manjano, kisha chini ya taa nyeupe. Jiwe zuri la waridi litabadilika kidogo tu: asubuhi litavuta kidogo kwenye zambarau, usiku litavuta kwenye wekundu. Linalogeuka kahawia kabisa usiku lina rangi iliyochanganyika, nalo lilipaswa kuuzwa kwa bei ya chini kuliko lisilogeuka. Ndiyo maana wafanyabiashara waangalifu hutenga jina la rubelaiti kwa turmalini yenye wekundu-waridi mkali unaobaki vile vile mchana na usiku. Si kila turmalini ya pinki inastahili jina hilo, hata kama muuzaji ameliandika.

Kama unaipenda pete, badilisha taa. Tafuta ya 4000 K, yenye mwanga mweupe zaidi, na kwenye boksi angalia alama ya CRI: ikiwa 90 au zaidi, taa hiyo huonyesha rangi za vitu karibu na zilivyo mchana. Utashangaa na mapazia yako pia.

SWALI: Kidani changu kilikuwa kinawaka. Baada ya miezi michache katikati pamekufa, pako wazi kama kioo cha dirisha. Jiwe limechakaa?
— Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Jiwe halijachakaa, dada. Uwezekano mkubwa ni mafuta ya kujipaka.

Mwanga ukiingia kwenye jiwe kutoka juu, unatakiwa kugonga nyuso za chini, urudishwe, utoke tena juu kwako. Turmalini hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.62 hadi 1.64. Kwa kipimo hicho, mwanga unaogonga uso wa chini kwa pembe inayozidi digrii 38 hivi hurudi wote ndani, hautoroki, mradi nyuma ya uso huo pana hewa. Paka utando wa losheni hapo, hata mwembamba usioonekana, na pembe hiyo inapanda hadi digrii 65 hivi, kwa sababu mafuta hupinda mwanga karibu kama jiwe lenyewe. Ghafla mwanga mwingi uliokuwa ukirudi unapita na kupotelea kwenye ngozi. Hapo ndipo unaona katikati pamekufa. Nyuma ya kidani ndiko kunakogusa kifua siku nzima, na ndiko watu hawasugui.

Safisha hivi. Chukua bakuli la maji ya vuguvugu, si ya moto, yenye joto la maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Tia matone 2 au 3 ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Loweka dakika 10 hadi 15. Chukua mswaki laini wa mtoto, geuza kidani, sugua nyuma ya jiwe kupitia tundu la fremu, ukizunguka kwenye kila ukucha unaoshika jiwe. Suuza ndani ya bakuli jingine la maji ya joto lile lile, kamwe si juu ya sinki lililo wazi. Kausha kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kitu kinachovaliwa kila siku kisafishwe hivi kila baada ya wiki mbili.

Yapo mambo mawili ya kuepuka, na tunayasisitiza kwa sababu ndiyo yanayoharibu mawe mengi. Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti na ile ya mvuke haziifai turmalini. Jiwe hili, hasa lenye rangi iliyokolea, mara nyingi lina nyufa na vijitundu vyembamba ndani. Mtikisiko huzirefusha, na joto la ghafla huzipasua. Tena nyingi kati ya turmalini nyekundu-waridi zimejazwa mafuta au resini kwenye nyufa ili zisionekane. Spiriti na kiondoa rangi ya kucha huvuta kijazio hicho nje, na jiwe lililoonekana safi hubaki na mistari myeupe.

Ukisafisha na uwazi wa katikati ukabaki pale pale, basi kosa ni la mkataji. Aliupa upande wa chini pembe ndogo kuliko digrii 38 ili kuokoa uzito wa jiwe, akauza karati, yaani uzito, badala ya uzuri. Weka jiwe juu ya gazeti: ukisoma maandishi kupitia katikati yake, ndivyo ilivyo. Dawa yake ni kulikata upya, na litapungua uzito.

SWALI: Nimerithi jiwe la pinki bila pete, la ukubwa wa kokwa ya ubuyu. Wengine wanasema turmalini, wengine spineli, wengine kioo. Naweza kujua mwenyewe?
— Mrithi

JIBU: Unaweza kuondoa majina kadhaa kwenye orodha. Kulithibitisha ni kazi ya maabara ya vito, lakini ukifika huko ukiwa umekwisha kupunguza shaka, hutababaishwa.

Anza na lenzi ya kukuza mara 10. Tazama kupitia uso wa juu hadi kwenye mistari ambapo nyuso za chini zinakutana, na uigeuze pembe ya kutazamia taratibu. Turmalini hugawa mwanga mara mbili, na katika jiwe kubwa utaona mstari mmoja wa chini umekuwa miwili, kama reli za treni. Spineli na kioo havifanyi hivyo hata kidogo, kila mstari ni mmoja popote utakapotazama. Ukiona mapovu ya mviringo ndani, ni kioo au jiwe la kutengenezwa, usisumbuke zaidi.

Kipimo cha pili ni cha miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi. Shika jiwe mbele ya ukuta mweupe wenye mwanga, litazame kupitia lenzi moja, kisha zungusha lenzi nusu duara. Turmalini ikitazamwa kutoka ubavuni hubadilika: waridi ya kukolea, kisha waridi ya kupauka, kisha ya kukolea tena. Geuza jiwe na urudie kutoka pande tatu, maana upo mwelekeo mmoja ambao rangi haibadiliki hata katika turmalini halisi.

Sasa kipimo tunachokipenda kuliko vyote, cha maji, kwa sababu hakihitaji jicho la fundi. Unahitaji mzani mdogo unaosoma 0.01 g, kikombe cha maji na uzi mwembamba. Pima jiwe likiwa kavu, uandike. Weka kikombe cha maji kwenye mzani, bonyeza urudi sifuri. Funga jiwe kwa uzi, litumbukize lizame lote bila kugusa chini wala kingo, ukiushika uzi kwa mkono ulioegemezwa. Mzani utaonyesha namba: huo ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Tuseme jiwe lako lina 2.00 g, yaani karati 10. Likiwa turmalini, mzani utasoma karibu 0.65. Spineli itasoma 0.56. Yakuti ya waridi 0.50. Kwazi ya waridi 0.75. Kunzaiti, ambayo nayo ni ya waridi na nayo hugawa mistari, itasoma 0.63, na hapo unaona jinsi nafasi ilivyo finyu: tone moja la hewa lililonasa kwenye uzi linatosha kukudanganya. Tia tone la sabuni kwenye maji ili mapovu yasinase, na rudia mara 5. Kwa jiwe la karati 1 usijisumbue. Maji yanayosukumwa ni 0.06 au 0.07 tu, na tofauti ya hizo namba mbili ni tofauti ya kutoka 2.9 hadi 3.3, ambamo turmalini na kunzaiti zote zinaingia.

Tafadhali usilikwaruze kwa msumari au kisu. Kipimo cha kukwaruza kina nafasi yake kwenye mwamba ghafi. Kwenye jiwe lililokatwa kinaharibu mng'aro na hakikupi jibu, maana mawe yote haya ni magumu kuliko chuma cha msumari.

SWALI: Ni kweli turmalini iliwahi kudhaniwa rubi?
— Mpenda historia

JIBU: Kweli, tena na wafalme. Mwaka 1777 Mfalme Gustav III wa Uswidi alimzawadia Katerina Mkuu wa Urusi jiwe kubwa jekundu-waridi lililojulikana kama rubi ya Kaisari. Baadaye lilipochunguzwa likaonekana ni turmalini. Kwa karne nyingi rangi ndiyo ilikuwa jina: chekundu chochote chenye kung'aa kiliitwa rubi, hadi watu walipojifunza kupima ugumu, uzito na namna fuwele inavyopinda mwanga.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Mteja ana mkufu wa turmalini ya waridi, anataka gauni la rangi ile ile. Nimempelekea vitambaa vinne, kila kimoja kinakubali dukani na kukataa jioni. Nifanyeje?
— Fundi cherehani

JIBU: Fundi, acha kutafuta rangi ile ile. Jiwe halina rangi moja ya kulinganisha.

Shika mkufu, uuinamishe polepole, utaona waridi tatu zikipokezana. Kuna mwako, vidoa vyeupe-waridi vinavyopita upesi. Kuna mwili, rangi ya kati inayokaa muda mrefu zaidi. Na kuna kivuli, pembe zinazokuwa nyeusi-nyekundu, karibu na ile tunayoita damu ya mzee. Mteja akifumba macho na kukumbuka mkufu wake, anakumbuka zote tatu kwa pamoja. Kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ya mwili peke yake kitaonekana kimelala hata kama kimelingana sawasawa.

Kwa hiyo tafuta kwanza kitambaa kinachofanya kazi ya jiwe, ndipo uchague rangi. Hariri na satini zina mwako kwenye mgongo wa kila mkunjo na kivuli ndani yake. Mahameli ina kivuli kirefu na mwako mdogo, nayo inafaa turmalini iliyokolea. Shifoni ya tabaka mbili inafaa jiwe jepesi, kwa sababu tabaka zikipandana rangi hukolea kama jiwe linavyokolea pale lilipo nene.

Sasa kuhusu kukataa jioni. Rangi ya kitambaa na rangi ya jiwe zinaweza kumfikia mtazamaji zikiwa sawa chini ya taa moja huku zikiwa zimeundwa na mchanganyiko tofauti wa mawimbi. Badilisha taa, na usawa unavunjika. Huwezi kulizuia kabisa, unaweza kulipunguza. Omba kipande cha angalau sentimita 30 kwa 30, maana kipande cha kidole hudanganya: rangi ikienea hukolea machoni, na kilichokuwa waridi tulivu kikiwa kidogo kitapiga kelele kikiwa gauni. Kiweke juu ya bega la mteja mwenyewe pamoja na mkufu, siyo juu ya meza, kwa sababu sehemu ya mwanga unaotoka kwenye jiwe imepita na kugonga ngozi yake kwanza. Tazama karibu na dirisha, chini ya taa ya manjano na chini ya taa nyeupe. Chagua kitambaa kinachokosea kidogo katika taa zote tatu, si kile kinachopatia kabisa katika moja na kupotea katika mbili. Ukisita kati ya viwili, chukua kilichopauka zaidi, na rangi ya kivuli uitumie kwenye bitana, ukingo au vifungo.

Jambo la mwisho kwako: kijani. Jicho likitazama kijani kwa muda, hulipa deni kwa kuona waridi zaidi pembeni yake. Uzi mwembamba wa kijani cha jani bichi kwenye shingo ya gauni utaliamsha jiwe kuliko mita tano za kitambaa cha pinki. Nyekundu kali fanya uiepuke, maana karibu yake turmalini ya waridi huonekana kama imefuliwa mara nyingi.

SWALI: Nataka kupaka ukuta mmoja rangi ya kito hicho. Nikichanganya nyekundu na nyeupe napata rangi ya samaki wa kopo. Kosa liko wapi?
— Mpaka rangi

JIBU: Kosa liko kwenye nyekundu. Nyekundu nyingi za kopo huelemea manjano, na nyeupe huufichua umanjano huo. Anza na majenta. Changanya sehemu 1 ya majenta kwa sehemu 20 za nyeupe, paka ubao mdogo, usubiri ukauke kabisa kwa sababu rangi nyingi za maji hukolea zikikauka, kisha ongeza kidogo kidogo. Ukitaka kuipeleka kwenye asubuhi ya jiwe, tia buluu ya ncha ya kijiko. Kuipeleka kwenye jioni yake, chungwa kiasi hicho hicho.

Hata hivyo nyeupe nyingi huleta uchaki, na jiwe halina uchaki. Njia iliyo bora, ingawa inachukua siku mbili, ni kupaka ukuta mweupe safi, uukaushe, kisha upitishe juu yake tabaka 2 au 3 nyembamba za majenta iliyochanganywa na kimiminiko kisicho na rangi cha kupakia juu. Mwanga utapita kwenye waridi, ugonge weupe wa nyuma, urudi ukipita waridi mara ya pili. Hivyo ndivyo jiwe linavyofanya. Subiri kila tabaka ikauke. Ukiharakisha, brashi itachimba ya chini na kuacha mabaka.

SWALI: Vito vya pinki huchuja rangi juani?
— Muuza hereni

JIBU: Inategemea ni kipi. Kunzaiti huchuja, na haina haja ya miaka mingi: ikiachwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, hupauka. Hiyo ni ya kuvaliwa jioni na kulala ndani ya boksi. Spineli na yakuti ya waridi hupata rangi kutoka metali ya kromi, nazo hazitikisiki kwa mwanga wa kawaida. Moganaiti, kito kingine cha waridi, kwa kawaida ni tulivu.

Turmalini iko katikati. Waridi yake ya asili imetengenezwa na mnururisho (mionzi) mdogo wa miamba kwa muda mrefu mno, ambao uliibadilisha manganizi iliyopauka ikawa ya waridi, na kwa uvaaji wa kawaida inadumu. Lakini ipo turmalini iliyochimbwa ikiwa imepauka, kisha ikakolezwa kwa mnururisho wa mashine. Kwa macho na kwa vipimo vya kawaida haitofautiki na ya asili, na baadhi yake hupauka kwa joto au mwanga mkali. Wewe unayeuza, usiweke hereni hizo mchana kutwa chini ya taa inayotoa joto. Weka jozi moja ya kuonyesha, nyingine gizani, na uzilinganishe kila mwezi.

SWALI: Kwa nini pete yangu ya turmalini inavuta vumbi kuliko ya almasi iliyo pembeni yake?
— Mdadisi

JIBU: Kwa sababu turmalini ikipata joto au ikipoa, ncha moja ya fuwele hupata chaji chanya ya umeme na nyingine hasi, nazo huvuta vumbi na vipande vya majivu. Wafanyabiashara wa Kiholanzi walioileta Ulaya kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 18 waliiita mvuta majivu, na walitolea majivu ndani ya kiko kwa kuipasha moto. Mwaka 1880 ndugu Jacques na Pierre Curie walionyesha kuwa fuwele hiyo hiyo ikibanwa nayo hutoa chaji.

Kwako hili lina maana moja ya kila siku: usifute vumbi hilo kwa kitambaa kikavu. Vumbi la nyumbani lina chembe za kwazi, ugumu wake 7, na turmalini ni 7 hadi 7.5. Kila unapofuta kavu unasugua jiwe kwa kitu cha ugumu karibu sawa nalo, na baada ya miaka kingo za nyuso zake huwa butu na mwako kufifia. Suuza kwanza, ndipo ufute.

SWALI: Nimeona vipande vya jiwe vyenye pinki katikati na kijani pembeni, kama tikiti maji lililokatwa. Ni vya asili au vimegundishwa?
— Mshona shanga

JIBU: Vipo vya asili, na hata wauzaji wa mawe huviita turmalini ya tikiti maji. Fuwele huanza kukua kwenye kimiminiko chenye manganizi, baadaye kimiminiko hubadilika, na tabaka za nje hukua za kijani. Ukiikata kwa upana wake unapata kipande kama cha tunda: nyama, mstari mweupe mwembamba mara nyingine, kisha ganda.

Angalia umbo. Fuwele ya turmalini ikikatwa hivyo huwa na pembetatu yenye pande zilizovimba, si duara kamili la kikombe. Ubavuni, kama hapajasuguliwa, utakuta mifereji myembamba inayokwenda kwa urefu wa fuwele. Mpaka wa rangi hufuata umbo hilo la nje, na ndani mna nyufa na mirija myembamba kama nywele. Kioo kinachouzwa kwa jina hilo huwa na mawimbi ya rangi yaliyozunguka kama maziwa kwenye chai, na mapovu. Kilichogundishwa kina mstari mnyoofu wa gundi. Kitumbukize kwenye maji na ukitazame kutoka ubavuni, utauona.

Ukikishona, kumbuka mpaka wa rangi mbili ni mahali dhaifu, kwa sababu tabaka hazikukua katika hali moja na hubaki zikivutana. Usitoboe karibu nao. Toboa kwenye kijani au katikati ya waridi, kwa kekee ya almasi, jiwe likiwa ndani ya maji, ukiinua ncha kila sekunde chache ili tope litoke. Afadhali zaidi usitoboe kabisa: zungushia waya laini kwenye ukingo, na usiubane hadi jiwe lisichezecheze hata kidogo. Acha nafasi ya unene wa karatasi.

SWALI: Sonara anataka kuipanua pete yangu bila kuling'oa jiwe, anasema atalifunika kwa kitambaa chenye maji. Nikubali?
— Mwenye kidole kilichonenepa

JIBU: Usikubali, dada. Kitambaa chenye maji hupoza upande mmoja wakati moto wa kulehemu ukipasha mwingine, na turmalini huchukia tofauti hiyo kuliko joto lenyewe. Isitoshe, joto likifika digrii mia kadhaa huanza kuifuta waridi yenyewe, na kijazio cha kwenye nyufa, kama kipo, hubabuka mapema zaidi.

Mwambie afungue kucha, atoe jiwe, alipime mbele yako na kuandika uzito wake kwenye risiti, ndipo alehemu. Kucha zilizofunguliwa mara nyingi huchoka. Kama zimekuwa nyembamba kwenye magoti, aongeze chuma kabla ya kulirudisha. Pete ipoe yenyewe hadi uweze kuishika, asiichovye majini jiwe likiwa ndani. Ukiipokea, itikise karibu na sikio. Ikilia, irudishe hapo hapo.